Kabla Hujaisambaza Video ya Zamani: Namna ya Kuisoma Filamu ya Vita na Machafuko

Kila ifikapo Januari, kipande kimoja cha video huanza kuzunguka tena kwenye simu za watu wa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na hata Muscat. Kimepigwa kutoka angani. Chini wanaonekana watu waliovaa nguo nyeupe wamekusanywa makaburini, wengine wanakimbilia ufukweni, na mahali pengine maiti zimelala wazi. Sauti ya msimulizi inaeleza, bila kusita, nani amefanya nini na wangapi wamekufa. Kipande hicho kimekatwa kwenye filamu ya Italia ya mwaka 1966, Africa Addio, iliyotengenezwa na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Picha zenyewe zilipigwa siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Sisi tunaotunza filamu za kumbukumbu huulizwa juu yake swali lilelile: ni ya kweli au ya uongo? Mwulizaji anataka neno moja, nasi hatuwezi kumpa neno moja, kwa sababu ndani ya kipande kile mna kazi za watu kadhaa. Mmoja alikuwa angani na kamera. Mwingine alikaa chumbani Italia na mkasi, akachagua kipi kitangulie na kipi kifuate. Mwingine akaandika maneno, na mwingine akaweka muziki. Kila mmoja anapaswa kuulizwa peke yake.

Tuanze na sauti, maana ndiyo inayotupotosha upesi zaidi. Kutoka kwenye chombo kinachonguruma angani, hakuna maikrofoni ya mwaka 1964 iliyoweza kunasa kilio cha mtu aliye ardhini. Sauti yoyote unayoisikia pale, isipokuwa mngurumo wenyewe, imewekwa baadaye. Maneno ya msimulizi nayo yaliandikwa baadaye, na watengenezaji walikuwa na hoja yao: kwamba Afrika ilikuwa inaporomoka kwa sababu Wazungu wameondoka. Zima sauti, kisha tazama upya. Utashangaa ni mambo mangapi uliyodhani umeyaona kumbe uliyasikia tu.

Baada ya kuzima sauti kinabaki nini? Kinabaki kingi. Watu wamekusanywa, na wapo waliokufa. Hilo halifutiki kwa kusema filamu ile ina upendeleo, na anayelitumia neno "upendeleo" kuifunika misiba ya watu anafanya kosa kubwa. Lakini kutoka kimo kile huwezi kutambua sura, huwezi kujua nani alitoa amri, na huwezi kuhesabu waliokufa kisiwa kizima kwa kutazama viwanja vichache. Hesabu inatafutwa kwa njia nyingine: nyaraka, makaburi, na ushuhuda wa familia zenyewe. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Jacopetti aliwahi kuchunguzwa nchini Italia kwa tuhuma kwamba mauaji fulani huko Kongo yalipangwa yasubiri kamera iwe tayari. Aliondolewa lawama. Hata hivyo, tuhuma zile zinatufundisha kuuliza swali ambalo kila mtazamaji anapaswa kuwa nalo: mpiga picha alifikaje pale, na kwa ruhusa ya nani?

Uigizaji katika filamu za vita si jambo la jana. Mwaka 1916 Waingereza walionyesha katika majumba ya sinema filamu ya mapigano ya Somme, Ufaransa, ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyopigwa na Geoffrey Malins na John McDowell. Sehemu kubwa yake ni picha halisi za uwanja wa vita, na ndiyo maana UNESCO iliiingiza mwaka 2005 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Lakini sehemu inayojulikana kuliko zote, ile ya askari wanaopanda kutoka handakini huku wengine wakianguka, iliigizwa katika chuo cha mafunzo nyuma ya mstari wa mbele. Watafiti waligundua kwa kutazama kwa makini: handaki lina kina kifupi mno, askari hawana mizigo mgongoni, na kamera imesimama mahali ambapo mpiga picha angekuwa ameshapigwa risasi. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika. Mpiga picha naye ana mwili. Kama picha inamwonyesha askari kwa mbele huku adui yuko nyuma ya kamera, jiulize kamera imewekwa wapi.

Kwa machafuko ya mijini, mahali pa kamera panaeleza karibu kila kitu. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi kwa msako mkubwa dhidi ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, walioupa jina la Operesheni Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini. Ukitazama filamu fupi za habari za miaka ile ya Hali ya Hatari, zile zilizotangulia filamu kuu katika majumba ya sinema ya Uingereza, utaona kamera iko upande wa wenye bunduki. Tunaona mgongo wa askari, kisha seng'enge, kisha wanaume waliochuchumaa kwa mistari. Hatuoni kinachoonekana na aliyechuchumaa. Yeye hakuwa na kamera.

Na urefu wa mkanda ulikuwa na kauli yake. Kamera ya Eyemo, iliyotumiwa sana na wapiga picha wa habari na wa vita, ilijazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani na haikunasa sauti. Mkanda wake wa kawaida wa milimita 35, wenye urefu wa mita 30 hivi, uliisha kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Mtu mwenye mikanda michache katika siku nzima ya ghasia huitunzia moto, marungu na mbio. Mama aliyefungua genge lake saa nne asubuhi katika mtaa wa pili hapigwi. Ndipo miji yetu inaonekana kwenye filamu kama iliwaka kila kona, wakati wazee waliokuwapo wanakumbuka pia foleni ya mkate.

Filamu za maisha ya mjini za mwanzo wa karne ya ishirini zina tatizo lao: watu wanatembea haraka haraka kama vikaragosi. Hawakuwa hivyo. Zilipigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, kama 16 kwa sekunde, zikaja kuonyeshwa kwa fremu 24. Ukirudisha kasi yake, mchukuzi anapata tena mwendo wake na heshima yake.

Kuijua tarehe ya filamu ya mtaani ni kazi tamu, na wananchi hutushinda mara nyingi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilisimamishwa 1927, hivyo mtaa unaoonyesha sanamu hiyo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Pembe za Mombasa ni za 1952. Beit-al-Ajaib ya Zanzibar, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, leo inachunguzwa pia kwa picha za zamani ambazo mpigaji alikuwa akilenga gwaride tu. Na mkanda wenyewe husema: Kodak walichapa alama ndogo pembeni kuonyesha mwaka wa kutengenezwa. Duara ni 1916, au 1936, au 1956, kwa kuwa alama zilirudiwa kila baada ya miaka 20. Nguo za watu na magari ndivyo vinavyoamua ni duara la mwaka gani.

Sasa ombi letu: tuleteeni mikanda yenu ya zamani. Nyumba nyingi bado zina makopo ya mikanda ya milimita 8 au 16: harusi, safari, mkutano wa hadhara, sherehe za uhuru. Mingi imetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki ambayo katika joto na unyevu wa pwani huoza na kutoa harufu kali ya siki. Harufu hiyo ikianza, mkanda mmoja huambukiza jirani zake, basi utenge. Usiupitishe kwenye projekta ya zamani; mkanda uliosinyaa hukatika. Usiufute kwa maji wala spiriti. Mkanda wa milimita 35 wa kabla ya 1952 ni hatari zaidi, kwani unaweza kuwa wa naitreti, plastiki ya zamani inayowaka upesi, ambayo ikishika moto huendelea kuwaka hata ndani ya maji; usiuweke karibu na jiko wala juani, na utupe taarifa kabla ya kuusafirisha.

Maandishi yaliyo juu ya kopo yaachwe yalivyo, hata kama yamekosewa. Na kabla ya kuleta, kaa na mzee mmoja wa familia, mwandike majina ya wanaoonekana mnaowakumbuka. Katika filamu za kikoloni mara nyingi ofisa hutajwa kwa cheo na jina lake, na mwenzake mweusi huitwa "askari" tu. Orodha yenu ya majina tunaihifadhi kopo moja na mkanda.