Kutoteuliwa kwenye drafti si mwisho wa mlinzi

Wengi wanaofuatilia mpira wa Kimarekani wanaamini kwamba kijana asipotajwa kwenye drafti, ule uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu 32 za NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, hugawana wachezaji wa vyuo kwa raundi 7, safari yake imekwisha. Si kweli, na inaumiza kuona imani hii ikirudiwa kila mwaka.

Mtazame James Harrison, mlinzi, yaani mchezaji wa kuzuia timu pinzani isifunge. Alitoka chuo cha Kent State mwaka 2002 bila kuteuliwa. Alionekana mfupi mno kwa nafasi yake. Pittsburgh Steelers walimchukua, wakamwacha, wakamrudisha, wakamwacha tena. Baltimore Ravens nao walimpeleka Ujerumani kuchezea Rhein Fire, kisha wakaachana naye. Mwaka 2004 Steelers walimwita tena kwa kuwa mlinzi wao mmoja alikuwa ameumia, na safari hiyo hakutoka. Msimu wa 2008 akawa mlinzi bora wa ligi, wa kwanza asiyeteuliwa kupata tuzo hiyo. Februari 2009, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, aliinasa pasi ya Kurt Warner wa Arizona Cardinals na kukimbia nayo yadi 100 hadi kufunga. Steelers walishinda 27-23.

Kabla yake kulikuwa na John Randle, mlinzi aliyekuja kuwa nyota wa Minnesota Vikings, ambaye naye hakuteuliwa kwenye drafti ya mwaka 1990.

Tofauti halisi iko kwenye fedha na subira: aliyeteuliwa mapema huvumiliwa akikosea, asiyeteuliwa huwa wa kwanza kukatwa.