Andika ubashiri wako kabla ya kubonyeza Enter

Kila Jumamosi asubuhi hukaa na vijana saba au wanane katika chumba kimoja Kayole, Nairobi, tukajifunza mitandao ya kompyuta. Wengi wao hufika wakiwa wameshakariri. Waulize tabaka za mtandao, watakutajia zote saba, kutoka chini kwenda juu na kutoka juu kurudi chini. Lakini chomoa waya mmoja nyuma ya ruta, kile kifaa kinachopitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, uwaambie, "Haya, nielezeni kilichoharibika," chumba kizima kinanyamaza. Siwalaumu. Walifundishwa majina ya vitu, hawakupewa nafasi ya kuvishika.

Kwa hivyo darasa langu lina sheria moja: hakuna kubonyeza Enter kabla ya kuandika daftarini, kwa kalamu, unachotarajia kuona. Si "itafanya kazi" au "haitafanya kazi". Nataka nambari, nataka jina la kifaa kitakachojibu. Amri yenyewe mtu huijua kwa dakika mbili. Kinachomfunza ni ile tofauti kati ya alichoandika na kilichotokea, maana hapo ndipo anapogundua kuwa picha aliyonayo kichwani ina tundu.

Tunaanza na ping, amri inayotuma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwa kompyuta nyingine na kupima muda wa jibu kurudi. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, akaipa jina kutokana na mlio wa sona, chombo kinachotambua vitu chini ya maji kwa mwangwi. Nawauliza: kutoka hapa Kayole hadi seva iliyoko London, kwenda na kurudi, ni milisekunde ngapi? Mmoja huandika 5, mwingine 2,000. Halafu tunapiga hesabu pamoja ubaoni. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 6,800. Kwenda na kurudi ni 13,600, yaani milisekunde 68. Hakuna bando la bei yoyote litakaloshuka chini ya hapo. Na kebo haiendi kwa mstari ulionyooka: inateremka Mombasa, inaingia baharini, inapanda Bahari ya Shamu, inavuka Misri ndipo ifike Ulaya. Tukipata 150 tunatikisa kichwa, ni sawa. Tukipata 4 ndipo tunasimama, kwa sababu 4 haiwezekani. Jina tuliloandika linatuelekeza London, lakini anayetujibu yuko karibu nasi, nakala ya huduma hiyo iliyowekwa hapa hapa mjini. Kijana aliyeona hilo kwa macho yake hahitaji tena kuelezwa kwa nini kampuni kubwa husogeza maudhui yao karibu na watumiaji.

Wazazi huniuliza kama mazoezi haya yatamaliza bando la watoto. Pakiti moja ya ping kwenye Linux ni baiti 84. Mia moja, kwenda na kurudi, ni baiti 16,800. Picha moja ya WhatsApp hula zaidi ya hapo. Asiye na kompyuta hufanya zoezi hili kwenye simu ya Android kwa programu ya Termux.

Baada ya ping ni traceroute, amri inayoorodhesha ruta zote ambazo pakiti hupitia, kazi ya Van Jacobson ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Werevu wake hunivutia hadi leo. Kila pakiti hubeba nambari, na kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti hiyo na kumpelekea aliyeituma taarifa yenye anwani yake. Huwaeleza vijana hivi: unataka kujua vituo vyote vya matatu kutoka Kayole hadi katikati ya jiji na huna ramani. Mtume kijana wa kwanza na nauli ya kituo kimoja tu. Konda atamshusha, naye atapiga simu: "Niko Donholm, nauli imeisha." Wa pili mpe nauli ya vituo viwili. Wa tatu vitatu. Ukishapokea simu zote umepata njia nzima.

Hapa huwapa kazi ya nyumbani: tafuta tovuti mbili zinazoishia na .co.ke, moja ambayo njia yake inaishia Nairobi na nyingine inayovuka bahari. Karibu wote huamini kwamba .ke maana yake seva iko Kenya. Hurudi wiki inayofuata wamepigwa na butwaa, na huo ndio wakati mzuri wa kuwasimulia habari za KIXP, kituo ambapo watoa huduma wa intaneti hubadilishana data. Kabla yake, barua pepe kutoka Westlands kwenda Industrial Area, humu humu Nairobi, ikiwa pande hizo mbili zilikuwa na watoa huduma tofauti, ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi tena kwa setilaiti. Watoa huduma walikifungua kituo hicho hapa Nairobi Novemba 2000. Kikafungwa kwa mvutano wa leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Ukiwa umeona kwenye skrini yako njia inayotoka nchini na kurudi, unaelewa kwa nini watu walipigania kile kituo.

Onyo moja kuhusu traceroute: ukiona nyota tatu katikati ya orodha, usiseme njia imekatika. Ruta nyingi zimepangwa zisijibu. Ikiwa mistari iliyo chini yake inaendelea, pakiti zinapita.

Sasa nifike kwenye zoezi ninalolipenda kuliko yote, na ambalo halili hata baiti moja ya bando. Linux inaweza kugawa kompyuta moja kuwa vyumba vya mtandao vinavyojitegemea, kila kimoja na anwani zake na jedwali lake la njia. Tunajenga vitatu na kuviunga kwa nyaya za kubuni:

ip netns add kayole
ip netns add ruta
ip netns add westlands
ip link add k0 type veth peer name r0
ip link set k0 netns kayole
ip link set r0 netns ruta

Waya wa pili, w0 na r1, unaunga westlands na ruta vivyo hivyo. Kayole inapata 10.1.0.2, westlands 10.2.0.2, na ruta iliyo katikati inapata 10.1.0.1 upande mmoja na 10.2.0.1 upande wa pili. Tunawasha kila ncha, na kuiambia kayole ipitie 10.1.0.1. Kisha, kwa makusudi, naacha vitu viwili: sijairuhusu ruta kupitisha pakiti, na sijaiambia westlands njia ya kurudi Kayole.

Wanaandika ubashiri, wanapiga ping kutoka Kayole. Kimya. Sasa kila mmoja anafungua tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye ncha tofauti na kutazama. Kwenye r0 pakiti zinaonekana zikiingia, kwenye r1 hakuna kitu. Kwa hiyo zinafia ndani ya ruta. Mtu anakumbuka net.ipv4.ip_forward, swichi inayoiruhusu ruta kupitisha pakiti, anaiweka 1. Ping tena. Bado kimya! Hapo nyuso zinakunjamana. Lakini tcpdump ya w0, ndani ya westlands, sasa inaonyesha pakiti zikifika moja baada ya nyingine, na hakuna jibu linalotoka.

"Mwalimu, si zimefika? Mbona ping inasema hakuna?"

Naingoja Jumamosi hiyo kwa ajili ya swali hilo. Ping haikuambii kama pakiti ilifika, inakuambia kama jibu lilirudi. Westlands imepokea salamu kutoka 10.1.0.2 na haijui 10.1.0.2 iko upande gani. Mstari mmoja tu ndani ya westlands, ip route add default via 10.2.0.1, na skrini inajaa majibu.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinigharimu. Nilipokuwa fundi mchanga nilitumwa kuunganisha ofisi mbili za mteja mmoja, na kwa siku mbili nzima nikawa napiga simu kwa mtoa huduma nikidai laini yake ni mbovu. Laini ilikuwa nzima. Ruta ya ofisi ya pili haikuwa na njia ya kurudi, na mimi sikuwahi kufikiria kwenda kusikiliza upande wa pili. Laiti mtu angenikalisha mbele ya vyumba vitatu hivi, ningelimaliza kabla ya chai ya saa nne.

DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za nambari, haitaki muda mrefu. Piga dig, amri ya kuiuliza DNS, kwa jina lolote mara mbili, ukipisha sekunde kumi, na utazame ile nambari iliyo kando ya jibu ikipungua: huo ndio umri uliobaki wa kumbukumbu iliyohifadhiwa. Kisha dig +trace kwa jina la .ke uone swali likianzia kwenye mzizi, likapita .ke, likateremka hadi kwa mwenye jina.

Zoezi la anwani mbili nalo ni la haraka, lakini lina faida hata kwa mwenye duka. Tazama anwani iliyo kwenye simu yako ukitumia data, kisha tazama ile ambayo tovuti ya nje inaiona. Ya simu ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi. Ndiyo sababu kamera ya CCTV iliyofungwa kwa laini ya simu mara nyingi haifikiki moja kwa moja kutoka nje, hata ukihangaika vipi na mipangilio ya ruta yako.

Mazoezi yote haya yafanyie kwenye mtandao wako mwenyewe. Kunasa pakiti za majirani ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, na nimeona kijana hodari akipoteza kazi kwa udadisi wa aina hiyo.

Vyumba vikishafanya kazi, usivibomoe. Ongeza kuchelewa kwa milisekunde 250 kila upande:

tc qdisc add dev k0 root netem delay 250ms

na vivyo hivyo kwenye w0. Setilaiti zile za zamani zilikuwa angani kama kilomita 36,000, na hii ndiyo nusu sekunde iliyoongezwa kwa kila kwenda na kurudi kabla kebo za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009. Fungua ssh, programu ya kuandikia amri kwenye kompyuta ya mbali, kutoka Kayole hadi westlands, uandike sentensi moja, na ungoje kila herufi itokee.