Mwigizaji yule hakuchinjwa

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu ya Nairobi miaka nenda, miaka rudi: eti mwigizaji wa filamu fulani ya chinichini aliuawa kweli mbele ya kamera. Si kweli. Damu ile ni sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na tone la bluu, maana nyekundu tupu hung'aa kama rangi ya kucha. Kisu kikishuka, picha hukatwa. Jeraha la mpira hubandikwa, kamera ikawashwa tena. Simamisha video hapo, mara nyingi utaona mkono umehama. Kisha tafuta jina la mwigizaji huyo na miaka ya filamu zake za baadaye: aliyeuawa haigizi tena. Kinachochanganya ni picha zenye chengachenga, zilizonakiliwa kutoka kanda moja ya video hadi nyingine mpaka orodha ya waigizaji ikapotea. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.