Utepe wa printa haujui ulipo

Nimeulizwa tena: "Fundi, nimetoa sensa ya utepe (enkoda, ile inayosoma mistari ya utepe kujua kigari kilipo) kwenye printa ya zamani, kila nikiwasha inaanza sifuri hata kama kigari cha wino kiko katikati. Imekufa?"

Haijakufa. Tatizo ni ile imani kwamba utepe wa plastiki uliotandazwa kwenye njia ya kigari una namba ndani yake, kama rula. Hauna. Uangalie kwa kioo cha kukuzia: mstari mweusi, uwazi, mstari mweusi, uwazi, mwanzo hadi mwisho. Mstari wa 10 hauna tofauti na wa 1,000. Sensa inaweza kukwambia mambo mawili tu: mstari umepita, na umepita kuelekea upande gani. Kuhesabu ni kazi yako, na umeme ukikatika hesabu imekwenda nao.

Hata printa yenyewe haijui. Iwashe uisikilize: kigari kinakwenda ukutani, kinagonga, kinarudi. Mlio ule si uzee. Mota inasukuma, mistari haiongezeki, basi printa inasema hapa ndipo sifuri. Nyingi za wino nilizofungua hazina hata swichi upande huo. Fanya vivyo hivyo kwenye mradi wako, au ukiona uchungu kugongesha, funga pale mwisho sensa ya uma, ile yenye mdomo wa U iliyokuwa inapima kama karatasi imefika. Upande mmoja ni LED, weka rezista ya ohmu 220 kwa volti 5; upande wa pili ni transista ya mwanga, ivutie juu kwa kilo-ohmu 10, yaani unga rezista hiyo kati ya waya wake wa ishara na volti 5. Na usiitupe kwa sababu "haiwaki": mwanga wake ni infraredi. Itazame kwa kamera ya simu, ile ya mbele ikiwezekana, maana za nyuma nyingi zina kichujio.

Sasa turudi kwenye utepe, maana hapa ndipo ninapochoka na watu. Sensa yake inatoa chaneli mbili, yaani waya mbili za ishara, A na B, na kila mara kuna anayeunga A peke yake kwa sababu "namba inaongezeka vizuri". Itaongezeka, ndiyo. Itaongezeka hata ukirudi nyuma! B imesogezwa robo ya mzunguko kutoka A, mzunguko ukiwa mstari mmoja na uwazi wake. Ukienda upande mmoja A inatangulia, ukigeuka B inatangulia. Ukiandika hali za chaneli hizo mbili kwa 0 na 1, mfuatano ni 00, 01, 11, 10, na kinyume chake ukirudi.

Jaribu hivi: simamisha kigari ukingo wa mstari ukiwa mbele ya sensa, kisha gonga meza kwa kidole. A itawaka na kuzima papo hapo. Anayesoma chaneli zote mbili ataona moja mbele, moja nyuma, jumla sifuri. Wewe wa A peke yake utaona namba inapanda na kigari hakijatoka mahali pake. "Sensa mbovu" ninazoletewa, karibu nusu ni hizi.

Utepe wa mistari 150 kwa inchi, ukihesabu kila badiliko la A na B (manne kwa kila mstari), unakupa hatua 600 kwa inchi, yaani kama milimita 0.042 kila hatua. Kigari kikienda milimita 500 kwa sekunde, hayo ni mabadiliko karibu 11,800 kwa sekunde. Programu inayoandika namba kwenye skrini kila inapozunguka itapitwa na mengi. Tumia interapti (ishara inayoikatiza programu mara chaneli inapobadilika), au maikrokontrola, yaani chipu ndogo ya kompyuta, yenye kihesabu chake cha enkoda. Ila usinijie na majigambo ya usahihi wa 0.042. Hizo hatua nne za kila mstari, yaani robo, hazilingani: weusi na uwazi si nusu kwa nusu kamili, na B haijasogea robo kamili. Mimi naamini mstari mzima, milimita 0.17. Robo nazitumia kuendeshea mota, kupimia sizitumii.

Sensa itoe pamoja na utepe wake. Ndani kuna safu ya vipokea mwanga vilivyopangwa kulingana na mistari ile. Ukiipa utepe wa mistari 180 kwa inchi, A na B zitakuwa uji. Ikate pia na kipande cha bodi, maana rezista yake mara nyingi iko pale pale. Waya nne za kawaida ni umeme, hasi, A na B, lakini karatasi ya maelezo hutaipata. Mimi naifuata hasi kwenye shaba ya bodi, zilizobaki nabahatisha kwa rezista ya ulinzi, inayopunguza umeme nikikosea. Moja niliigeuza bila rezista hiyo; iliniunguza kidole na haikufufuka.

Utepe ukijaa ukungu wa wino, ufute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Wangu wa kwanza niliufuta kwa thina, mistari ikatoka na uchafu, sentimita mbili zikabaki wazi kama kioo. Kigari kilipofika pale hesabu ikasimama, programu ikadhani kimekwama, ikaongeza nguvu, kikaenda kugonga ukuta hadi mkanda ukaruka kwenye gia.