Kulala hemani Jebel Shams: baridi, mkaa na maumivu ya kichwa

Msimu wa baridi ukiingia Oman, familia za Muscat na Nizwa hupanda mlima Jebel Shams kupiga kambi na kutazama korongo la Wadi Ghul. Baadhi yao ni Waomani wenye asili ya Zanzibar, wanaopokea wageni kutoka kwetu Afrika Mashariki. Maswali ya wageni hao ndiyo haya.

Oman ni jangwa. Baridi itoke wapi?

Kilele kina urefu wa takriban mita 3,000, na watu hupiga kambi karibu na mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Tena hewa ni kavu na mawingu ni machache, kwa hiyo jua likizama ardhi hupoa upesi. Kuna usiku wa Januari kipimo hushuka chini ya sifuri. Tandika godoro au mkeka mnene kabla ya kufikiria blanketi la juu, maana baridi kali hutoka chini.

Tukiingiza jiko la mkaa hemani kidogo tu, kisha tukalitoa?

Hapana, hata kwa dakika chache. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko urefu wa mlima. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado huitoa, na chetezo cha udi ni vilevile. Aliyelala hupoteza fahamu bila kushtuka. Oteni moto nje, kisha mlale na nguo nzito, kofia na soksi.

Kichwa kikiuma usiku, si mwinuko huo?

Wengi hudhani hivyo, wakameza panadol na kurudi kulala. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Mkiwa kambini, watu wawili watatu wa hema moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu pamoja, na moto ulikuwa karibu, chukulieni kuwa ni gesi. Tokeni nje wote mara moja. Piga 9999, namba ya dharura ya Oman, na mgonjwa apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwani anahitaji oksijeni. Mjamzito asicheleweshwe kabisa. Mtoto tumboni huumia zaidi.

Mwanangu ana selimundu. Nimpeleke?

Muulize kwanza daktari wake. Baridi, kukosa maji na upungufu wa oksijeni ni vichocheo vya maumivu makali kwa wenye selimundu, na huku juu vyote vitatu viko pamoja. Mimi ningempeleka mchana tu akaone korongo, akiwa amevaa vizuri na anakunywa maji kila mara, kisha tukalale Nizwa, kwenye joto. Mwenye kubeba kijeni kimoja tu kwa kawaida hapati shida kwenye urefu huo.

Maji kiasi gani?

Anayetembea njia ya Al Khitaym hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab abebe walau lita 3. Jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hujatoka jasho. Watoto washikwe mkono, ukingo wa korongo njiani hauna uzio.