Bima ya hatari za kisiasa kwa laini ya stima inayovuka mpaka

Transfoma kubwa ikishushwa Kilindini, kwa kawaida ina bima ya safari ya baharini na nyingine ya ujenzi, inayoifuata hadi isimikwe na kujaribiwa. Bima ya hatari za kisiasa ni kitu kingine. Haiulizi chombo kimeharibikaje, inauliza serikali imefanya nini au imekosa kufanya nini.

Huuzwa na taasisi kama MIGA ya Kundi la Benki ya Dunia, iliyoanzishwa 1988, na ATIDI, shirika la bima la nchi za Afrika lenye makao Nairobi. Hukinga dhidi ya serikali kutwaa mali, kuzuia fedha kutoka nchini, kuvunja mkataba au kutolipa deni, pamoja na vita, ugaidi na ghasia. MIGA hukinga hadi 90% ya mtaji wa hisa na 95% ya mkopo. Kinachobaki ni mzigo wa mwekezaji, makusudi, asije akazembea.

Penye ubishi ni mnara ulioanguka. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi iliporomoka baada ya vyuma vyake kuibwa, na sehemu kubwa ya Kenya ikabaki gizani. Wizi kama huo ni wa bima ya mali. Mnara uleule ukilipuliwa kwa nia ya kisiasa, bima inayohusika ni hii. Ndiyo maana picha za bolti zilizofunguliwa au vyuma vilivyopasuka, zikipigwa kabla mafundi hawajagusa kitu, zina uzito kuliko barua nyingi.

Shilingi kushuka pia hakulipwi. Mapema 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na hiyo ni hasara ya biashara. Fidia huja pale dola zinapozuiwa kutoka.

Mpaka ndio huongeza ugumu. Laini ya Sodo–Suswa, inayotoka Ethiopia hadi Kenya, ina kilomita 1,045 na volti 500,000. Ikikatwa upande wa Ethiopia, minara ya Kenya husimama mizima bila kuingiza senti. Bima iliyoandikwa dhidi ya vitendo vya Kenya peke yake haitalipa hapo, kwani Kenya haijakosa. Lazima nchi zote mbili zitajwe, na MIGA haitoi bima bila idhini ya serikali mwenyeji, kwa hiyo idhini ni mbili. Laini hiyo yenyewe ilijengwa kwa mikopo ya umma, si mtaji binafsi. Nadhani ugumu huu ni sababu mojawapo ya wawekezaji binafsi kupenda mitambo ya kuzalisha stima kuliko nyaya.

Tena madai ya mkataba kuvunjwa hayalipwi mara moja. Kwa kawaida mwekezaji hupeleka kesi kwa wasuluhishi, ashinde, kisha serikali ikatae kulipa. Ndipo bima huitika. Hiyo inaweza kuchukua miaka, ilhali benki inadai marejesho kila nusu mwaka. Basi kabla ya kutia saini, mnunuzi wa stima atakiwe kuweka dhamana ya benki ya malipo ya miezi kadhaa, inayochukulika bila kesi.