Sefti ya bastola: kuzuia kufyatuka si sawa na kuzuia kufyatuliwa

Habari za ajali za silaha hupenda kitenzi kimoja: bastola "ilifyatuka". Kitenzi hicho kinamtoa mtu kwenye sentensi, kana kwamba chuma kiliamua chenyewe. Kwa fundi wa silaha, kufyatuka (yenyewe, bila kifyatulio kuvutwa) na kufyatuliwa (kidole au kitu kingine kikivuta kifyatulio) ni ajali mbili tofauti, na neno sefti, yaani kifaa cha usalama, limebebeshwa vifaa vya kuzuia zote mbili. Ndiyo maana ubishi wa bastola ipi ni salama zaidi hauishi: mmoja anasema kuhusu kifaa kinachozuia ya kwanza, mwenzake kinachozuia ya pili.

Bastola ya nusu otomatiki hupiga risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hujipakia. Risasi ikitoka, msukumo wake unarudisha nyuma slaidi (chuma cha juu kinachoteleza), ganda tupu linaruka nje, nyundo inakokiwa (inavutwa nyuma tayari kupiga), halafu springi inasukuma slaidi mbele ikiwa imechota risasi nyingine kwenye magazini (kasha la risasi) na kuiingiza chembani (nyuma ya mtutu, risasi inapolipukia). Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Ndani kuna kitenganishi, kipande kidogo kinachokata uhusiano wa kifyatulio na nyundo mpaka kidole kilegezwe. Kikilika, bastola inaweza kupiga mfululizo. Watu hawakihesabu kama sefti, lakini ni sefti.

Kufyatuka kwenyewe hutokea hivi. Risasi huwaka pini, msumari mdogo unaopigwa na nyundo, inapogonga fataki, kiwasho kilicho kwenye kitako chake. Bastola ya M1911 ya John Browning, iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1911, ina pini fupi kuliko njia inamopita. Springi ndiyo inayoishikilia nyuma. Bastola ikianguka kutoka juu na mdomo wa mtutu ukatangulia kugonga sakafu ya saruji, bastola inasimama ghafla lakini pini inaendelea na safari. Springi ikiwa imechoka, pini inafika kwenye fataki. Sefti ya kidole gumba ilikuwa imefungwa, na ile ya nyuma ya mpini, inayotaka kubanwa na kiganja, nayo ilikuwa imefungwa. Hazikusaidia kitu, kwa sababu zote mbili hazigusi pini.

Dawa yake ni kizuizi cha pini: kipande cha chuma kinachoikingama njia, kinachoondoka tu kifyatulio kikivutwa hadi mwisho. Kampuni ya Colt ilikiweka kwenye 1911 zake za Series 80 mwaka 1983. Walenga shabaha wengine walinuna, kwamba vipande vya ziada vinaharibu ulaini wa kifyatulio, na mpaka leo kuna wanaotafuta muundo wa zamani, kisha wanaweka springi kali na pini nyepesi ya titani. Kwa mashindano hoja yao inaeleweka. Kwa silaha ya kubebwa kiunoni kila siku, haina uzito.

Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mapema miaka ya 1980, ina kizuizi hicho tangu mwanzo, na kwenye uso wa kifyatulio ina ulimi mdogo. Ulimi huo hueleweka vibaya kuliko kitu chochote kwenye bastola za kisasa. Kazi yake ni kukizuia kifyatulio kisirudi nyuma kwa uzito wake chenyewe bastola inapoanguka, au kinapoguswa ubavuni. Kidole kikiingia, hata cha mtoto, ulimi unabonyea. Kamba ya jaketi ikinasa pale katikati, unabonyea pia.

Umuhimu wa kukizuia kifyatulio hivyo ulionekana mwaka 2017 kwenye bastola ya SIG P320. Majaribio yalionyesha kuwa bastola hiyo, ikianguka kwa pembe fulani na sehemu ya nyuma ya slaidi ikagonga chini, ingeweza kupiga: kifyatulio kilikuwa kizito kiasi cha kujivuta. Agosti mwaka huo kampuni ilitangaza maboresho ya hiari, yakiwemo kifyatulio chepesi zaidi.

Hayo yote hufanya kazi bila wewe kukumbuka lolote. Sefti za nje, yaani swichi unayoisukuma kwa kidole gumba, ni habari nyingine: zinapunguza kufyatuliwa, na zinakutegemea.

Chukua Ceska, yaani bastola za kampuni ya CZ ya Ucheki, jina ambalo msomaji wa habari za polisi Kenya amelizoea mno. CZ 75 ya Wacheki ilikuwa na njia mbili za kubebwa. Unaweza kuiacha imekokiwa, nyundo nyuma, sefti imefungwa. Au ukashusha nyundo, na mvuto wa kwanza ukawa mrefu na mzito, kisha inayofuata mifupi na myepesi. Njia ya pili inapendwa kwa sababu mvuto mzito unakupa nafasi ya kughairi. Tatizo lipo kwenye kushusha nyundo. Chemba ina risasi, na wewe unavuta kifyatulio huku umeishika nyundo kwa kidole gumba ili ishuke polepole. Gumba lenye jasho au mafuta ya bunduki likiteleza, umepiga. Ndiyo sababu CZ ilitoa toleo la BD, lenye kishusha-nyundo mahali pa sefti: unabonyeza, nyundo inashuka bila kidole kugusa kifyatulio. Toleo la B lina kizuizi cha pini. CZ 75 za mwanzo hazina. Kwa hiyo "nina Ceska" hakujibu swali la usalama mpaka herufi zilizo kwenye slaidi zisomwe.

Kuna mtego mwingine, wa uelekeo. Kwenye CZ 75 na 1911, swichi ikiwa juu imefungwa, chini imefunguliwa. Beretta 92FS ni kinyume: swichi iko kwenye slaidi, na chini ndiyo imefungwa. Makarov nayo ina swichi kwenye slaidi, ila juu ndiyo imefungwa. Jericho ya Israeli, iliyotokana na CZ 75, ina matoleo yenye swichi kwenye slaidi na mengine kwenye fremu (mwili wa chini). Mtu aliyefunzwa kwa moja kisha akapewa nyingine, kidole gumba chake kitafanya kilichozoea. Anaweza kudhani amefunga kumbe amefungua. Hapa wanaotetea muundo wa Glock, usio na swichi kabisa, wana hoja: kisichokuwepo hakisahauliki. Lakini hoja hiyo inabeba sharti ambalo halitajwi kila mara: ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Bastola ya namna hiyo ikitupwa mkobani pamoja na funguo na kalamu, au ikichomekwa kiunoni bila ala, basi yenye swichi ni salama kuliko hiyo, tena kwa mbali.

Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ina sefti ya magazini: magazini ikitolewa, kifyatulio hakipigi. Inamwokoa anayedhani kutoa magazini ni kuondoa risasi zote. Inamlemaza pia, kwa kumjengea imani atakayokwenda nayo kwenye bastola isiyo na kifaa hicho.

Maana chemba ndiyo mahali ambapo watu hujipiga. Utaratibu wa kuondoa risasi zote kwenye bastola ni huu: elekeza mtutu pasipo na mtu wala ukuta mwembamba, kidole kikae nje ya kikingio cha kifyatulio, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi nyuma mpaka risasi ya chembani iruke. Ishikilie wazi, tazama ndani, kisha ingiza kidole kidogo upapase, kwa sababu kwenye mwanga hafifu macho hudanganya na kikamata-ganda (ndoano inayolivuta ganda nje) kilichovunjika huacha risasi palepale. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja itaruka nje, utaiona kwa macho yako na kuridhika. Wakati huohuo slaidi ikirudi imeingiza ya pili.

Na Glock haifunguliki vipande ili isafishwe mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Aliyegeuza mpangilio akafika hatua hiyo atafyatua risasi mezani, na hakuna sefti iliyoharibika: ulimi umebonyezwa, kizuizi cha pini kimeondoka, kila kipande kimetii kidole.